Kikohozi cha King'ora

Fosia alikuwa amejiandaa kwa mke mwenza. Mwanamume akifika umri wa mumewe Yarow, simu ikaanza kulazwa chini ya mto, na mwenyewe akaanza kutabasamu peke yake akitoka chooni, mke mwenye akili hapigi kelele. Huuliza taratibu ni binti wa nani. Fosia aliuliza, hakupata jibu, akamtuma binti yake Hani aichungulie ile simu. Hani akarudi na uso wa mtu aliyeonja chai akakuta chumvi.

"Hooyo, si mwanamke," alimwambia mama yake. "Ni ving'ora."

"Ving'ora gani?"

"Vya zimamoto. Ving'ora, kengele, honi. Ni kundi zima la wanaume, wako wa Nakuru, wako wa Tanga, sijui Kampala. Mmoja ametuma kengele ya kituo cha kwao, wenzake wanamwambia mashallah."

Fosia alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Siku zilivyokwenda kicheko kilimwisha. Mke mwenza angekuwa na zamu yake, na wewe ungekuwa na yako. King'ora hakina zamu. Mtu anakula anjera huku sikio moja limezibwa na waya, unamwambia mtungi wa gesi umeisha, naye anakuambia ngoja kwanza, hiki cha Tanga kinamalizia.

Kazi ya Yarow ilikuwa kukodisha spika na viti. Harusi za Bula Nageye, mtaa wao wa Garissa, mikutano ya chifu, mashindano ya Kurani, sauti zote hizo zilipitia mikononi mwake, na huenda huko ndiko alikoambukizwa. Kundi lake liliitwa Ving'ora Halisi, na walikuwa wakali kuliko mahakama. Sauti ya kupakuliwa mtandaoni hawakuitaka hata kuisikia. Ukileta sauti lazima uwe umeirekodi mwenyewe, na kabla haijaanza sharti utangaze kwa mdomo wako uko mji gani na upepo unatoka wapi. Bwana mmoja alileta king'ora cha kwenye filamu akafukuzwa siku hiyo hiyo. Yarow alimsimulia mkewe habari hiyo kwa hasira, kana kwamba mtu ameiba kiatu msikitini.

Katika watu wazima hawa wenye wake na watoto, Yarow aliheshimiwa, kwa sababu alikuwa na sauti ambayo wengine hawakuwa nayo na hawangeipata tena. Alikuwa na king'ora cha zamani cha Bula Nageye.

King'ora hicho kilikaa juu ya mlingoti wa chuma katika kituo cha zimamoto, nyuma tu ya bula yao. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye mota yake miaka mingi, kwa hiyo kabla hakijalia kilikohoa kwanza. Kho, kho. Halafu kinapanda, kinakaa juu, kisha kinashuka polepole mno kama mzee anayeketi. Mwezi wa Ramadhani watu wa kituo walikipiga jua likizama, wakishapewa ishara kutoka msikitini, na mwadhini mwenyewe alimeza tende yake ndipo akashika kipaza sauti. Hivyo bula nzima ilifungua swaumu kwa king'ora na kuswali kwa adhana. Watoto walizaliwa wakakuta ndivyo ilivyo.

Kisha ikaletwa mashine mpya ya umeme inayolia kama simu ya mtu asiye na adabu, mlingoti ukang'olewa, na ikasemwa kuwa kuanzia sasa king'ora ni cha moto tu. Yarow alipopata fununu alimkimbilia Daud, aliyekuwa mshika zamu pale, akamsihi akipige mara moja ya mwisho, kutoka kikohozi hadi kimya. Daud alikipiga. Yarow akarekodi akiwa amesimama juani, machozi yakimtoka. Wenzake wa kundini aliwaonjesha kikohozi na mwanzo wa kupanda. Walimlilia awape chote. Aliwabania.

Aliyeumia kuliko wote king'ora kilipoondoka alikuwa Ugbad, mama yake Yarow, ambaye nyumba nzima ilimwita Ayeyo, yaani bibi. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, akiona mwanga na vivuli basi. "Wamening'olea jua langu," alisema siku mlingoti ulipobebwa. Tangu hapo, kila magharibi ya Ramadhani alishika kikombe cha maji kifuani, akauliza, "Tayari? Mna hakika?" Misikiti ilikuwa imekuwa mingi, huyu anatangulia yule anafuata, na kikongwe aliyefunga tangu hajajua kuhesabu hakutaka kuachia siku yake mikononi mwa watoto wa juzi. Hilo lilikuwa jambo lake moja la kujivunia duniani. Hakuwa na siku hata moja anayodaiwa na Mungu. Siku za hedhi, siku za uzazi, siku za ugonjwa, zote alizilipa zamani.

*

Siku ya balaa ilikuwa siku ya vumbi. Upepo ulikuwa umeanza tangu adhuhuri na anga ilikuwa rangi ya uji, jua huwezi kuliona liko wapi. Yarow alikuwa amerudi jana yake kutoka Rhamu, alikokwenda kumuuguza dadaye wiki mbili. Fosia alikuwa jikoni akikaanga sambusa, akamsikia mumewe juu ya paa la stoo, akamwona akifunga spika kubwa ya harusi kwa kamba.

"Unamwoza nani saa hizi?" alimuuliza.

"Nyamaza. Ni zawadi ya Hooyo. Leo atafungua kwa kitu chake."

Fosia alilainika. Kwa mara ya kwanza aliona wazimu wa mumewe una faida. Hata alipoona simu ya pili imesimamishwa ukutani ikielekezwa kwenye spika, hakulitilia maanani. Alipanga tende kwenye sahani, akamketisha Ayeyo mkekani uani, akamwekea kikombe mkononi. Simu ya Yarow ilikuwa na programu ya kumwambia nyakati za swala. Ikalia: Magharibi. Yarow akanong'ona kitu pale ukutani, akabonyeza.

Kho, kho.

Ayeyo aliinua uso. Fosia hakuwahi kuuona uso ule namna hiyo, ulifunguka wote, mikunjo na yote. King'ora kikapanda, kikajaa bula, na kutoka nyumba za jirani mtu angeweza kusikia vijiko, vikombe, na watoto wakishangilia kwamba kimerudi. Yarow alipiga magoti, akaushika mkono wa mama yake wenye kikombe, akamnywesha mwenyewe. "Bismillah," alisema Ayeyo, na koo lake likasikika likimeza. King'ora kikashuka polepole, kikakaa, kikanyamaza.

Fosia alikuwa na sambusa nusu mdomoni. Akangoja adhana. Wote waliingoja. Ilipochelewa alijiambia mwadhini leo ana njaa kuliko kawaida, anakula tende za watu wawili. Kisha upepo ukapasua vumbi kidogo upande wa magharibi, na juu ya paa la duka la Mursal, jirani yao, jua likachungulia, jekundu, zima, halina haraka.

Nyumba zilinyamaza moja baada ya moja. Halafu sauti ya Mursal ikaja kutoka ng'ambo ya ua wa mabati, tulivu kabisa, na utulivu wake ndio uliotisha.

"Yarow, walaal. Lile jua pale ni la nani?"

Hani alikuwa ameshaiokota simu ya baba yake. Aliitazama, akamtazama baba yake, akawa kama anayetafuta njia ya kulisema jambo lisiwe kubwa.

"Aabo," alisema, "simu bado iko Rhamu."

Ndivyo ilivyokuwa. Rhamu iko mashariki, karibu na mpaka, na huko jua huzama mapema kuliko Garissa kwa muda wa kuchemsha chai. Programu ilikuwa imeshika nyakati za Rhamu, Yarow akarudi nyumbani, yenyewe ikabaki kule. Adhana ilipotoka hatimaye, bula nzima ilikuwa imeshakula, na hakuna aliyeinua mkono kwenye sahani tena.

Ayeyo hakupiga kelele. Alikiweka kikombe chini, akakitafutia mahali ambapo hakitapinduka.

"Kabla hakijakohoa," alisema, "nilikusikia unasema na watu. Ulisema, 'Garissa, Bula Nageye, upepo unatoka mtoni.' Ulikuwa unamwambia nani habari za upepo?"

Yarow aliitazama ile simu ya pili, bado imesimama ukutani.

"Nakuuliza wewe mwanangu. Kile king'ora ulinipigia mimi, au uliwapigia wao?"

Mtu mwingine angedanganya. Fosia alimwomba moyoni adanganye. Lakini Yarow, pamoja na upuuzi wake wote, hakuwa na ulimi wa kumdanganya mama yake.

"Nyote, Hooyo," alisema. "Niliwapigia nyote."

Ayeyo alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei, akaomba apelekwe ndani. Tangu magharibi ile hakumsemesha mwanawe.

*

Sheikh Abdirizak alitoa hukumu baada ya Ijumaa, na Fosia aliisikia akiwa upande wa wanawake, shela ameivuta hadi puani. Sheikh alisema aliyekula akidhani jua limezama hana dhambi, lakini siku ile inabaki deni shingoni mwake, ailipe baada ya Ramadhani. Na aliyewakosesha hakukusudia, msimtukane.

Mursal aliomba kusema. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na duka lake ndilo lililokopesha nusu ya bula unga, hivyo akisema watu hunyamaza.

"Mimi simtukani," alisema. "Nataka tu watu waelewe. Angepiga king'ora kingine chochote, cha Nairobi, cha Ulaya, nani angekula? Tungesema mtoto anacheza. Tulikula kwa sababu ni kile chenyewe. Tulikijua kwa kikohozi chake. Sasa kitu kama hicho hakifai kukaa mfukoni mwa mtu. Kifutwe, hapa, tukiona."

Watu wakaguna kukubali. Sheikh akamtazama Yarow. Fosia aliona kupitia pazia mumewe akisimama katikati ya wanaume, simu zote mbili mkononi. Aliulizwa kama amewatumia wale wenzake wa mbali. Akasema mwanzo tu, chote hawajawahi kukisikia. Akafuta kile cha zamani kilichorekodiwa juani, akafuta na kile cha siku ya balaa, akamwonyesha Mursal, Mursal akamwita kijana mmoja wa chuo ahakikishe hakuna kilichofichwa. Kijana akapekua simu ya mtu mzima mbele ya watu kama anapekua mfuko wa mwizi. "Hakuna kitu," alisema.

Fosia alikuwa ameomba siku nyingi jambo hilo litokee. Sasa limetokea, na alipomwona Yarow akizirudisha simu mfukoni huku akikosea mfuko, akajikuta anamhurumia. Alijichukia kwa zile dua zake.

Msiba wa kuchekwa ni mrefu kuliko wa kuliliwa. Sokoni, kwenye safu ya wanawake wauza maziwa ya ngamia, Fosia aliyekuwa na wateja wake tangu ujana, sasa aliulizwa kwa heshima zote, "Dada, haya maziwa ni ya leo ya Garissa au ya leo ya Rhamu?" Nao wanaokaa karibu naye wanainamisha nyuso kwenye vibuyu vyao ili asiwaone wakicheka. Familia iliyokodi spika za Idi ikatuma mtu kusema watatafuta kwingine, maana spika za Yarow zinatangulia jua. Hani akaanza kuitwa shuleni Mama Dakika. Fosia aliyavumilia yote hayo. Lisilovumilika lilikuwa ndani ya nyumba, kusikia kikongwe akisema, "Fosia, mwambie yule bwana aliyeketi pale anipishie upepo," na yule bwana ndiye mwanawe wa kiume wa pekee aliyebaki.

Yarow naye alijiondoa kwenye kundi. Aliaga kwa ujumbe mfupi. Walimwandikia sana kumuuliza kilichomsibu, hakujibu. Jioni alikaa kwenye kiti kimoja kati ya viti vyake vya kukodisha, mikono mitupu, akisikiliza pasipo na kitu.

*

Ramadhani ilipokwisha, Ayeyo akaanguka. Sukari ilikuwa imepanda, figo zimechoka, akalazwa siku kadhaa. Muuguzi wa wodi, mwanamke mwema wa kutoka Kitui, alimkalisha Fosia akamweleza kwa Kiswahili chepesi kwamba mama huyu asifunge tena, hata siku moja, hata nusu siku. Ayeyo aliyasikia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha enzi za kuuza mbuzi, na herufi ya pe haikuwahi kukaa mdomoni mwake.

"Wewe binti, bole bole," alimwambia muuguzi. "Mimi nadaiwa siku moja tu. Nikikufa nayo, wewe utanilibia?"

"Mama, ukifunga utakufa kweli."

"Basi nitakufa nimeliba. Usinibigie kelele."

Sheikh Abdirizak alikuja nyumbani kumjulia hali. Akamweleza kwa upole kwamba mgonjwa kama yeye dini imemfungulia mlango, alishe maskini mmoja, siku yake imelipwa, na Mungu hapendi kumtesa mtu. Ayeyo alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akaagiza apewe chai.

"Sheikh, mlango huo ni wa asiyeweza," alisema. "Mimi bado sijajaribu nikashindwa."

Sheikh alimtazama Fosia, Fosia akatazama chini. Yarow alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Hooyo, nakuomba," na hakupata hata kugeuziwa kichwa. Akatoka nje, na Fosia akamkuta nyuma ya stoo akilia bila kujificha.

"Nikimzuia, nimemwangusha mara ya pili," alisema. "Nikimwacha, nimemuua. Niambie lipi."

Fosia alichuchumaa mbele yake. Aliufuta uso wa mumewe kwa ncha ya shela yake kama anavyofuta watoto, akarudi jikoni.

*

Ayeyo aliichagua Alhamisi. Fosia, Yarow na Hani nao walikuwa na siku ile ile ya kulipa, wakafunga pamoja naye. Kabla ya alfajiri alikula kidogo, akanywa maji mengi, akatia nia kwa sauti ili mtu asije akamsingizia kwamba hakutia.

Asubuhi alikuwa na nguvu za kukaripia. Adhuhuri alinyamaza. Alasiri midomo ikapasuka, mikono ikawa baridi katika joto lile la Garissa linalokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Fosia alimpepea, akamfuta miguu kwa kitambaa kibichi. Kikombe cha maji kilikuwa karibu, na mara mbili mkono wake ulikwenda wenyewe kukishika.

"Nakusikia," alisema Ayeyo, macho yamefumbwa. "Ukinipa maji kwa huruma, nitaanza upya kesho."

Fosia akakisogeza kikombe mbali. Aliogopa kama alivyowahi kuogopa siku ya kujifungua Hani, wakati gari halipatikani. Yarow alikaa nje ya mlango, mgongo ukutani, akisikiliza pumzi ya mama yake. Kila ilipokawia aliinuka nusu, ikirudi anaketi.

Jua likazama. Safari hii Hani alisimama katikati ya barabara akiliangalia kwa macho yake mpaka likaisha lote, simu hakutaka hata kuigusa. Adhana ikatoka msikiti wa kwanza, ikafuata ya pili, ya tatu. Fosia alimwinua Ayeyo, akamwegemeza kifuani, akamwekea kikombe mdomoni.

Ayeyo alifunga mdomo.

"Ayeyo, kunywa. Imeadhiniwa."

"Mna hakika?" Sauti ilikuwa nyembamba mno.

"Wallahi. Umeisikia mwenyewe."

"Nasikia masikio yanavuma tangu alasiri. Siku ile pia mlikuwa na hakika."

Hani akaapa kwamba ameliona jua likizama. Ayeyo akasema mtoto anampenda bibi yake, atasema lolote. Fosia akaita ng'ambo ya ua, akiwa hajali tena nani anacheka, "Mursal! Mwambie Ayeyo kama jua limezama!" Na Mursal, ambaye nyumba yake nayo ilikuwa ikilipa siku hiyo hiyo, akajibu haraka, tende mdomoni, "Limezama, Ayeyo, tunakula!"

"Mursal naye alikula siku ile," alisema Ayeyo, na kichwa kikamwangukia begani mwa Fosia. Mdomo bado umefungwa. Maji yaliyomwagika yalimshuka kidevuni na hakuyalamba.

Fosia alihisi mwili ule mwepesi ukizidi kuwa mwepesi mikononi mwake. Akainua macho kumtafuta mumewe. Yarow alikuwa ameingia, amepiga magoti pale pale alipopiga siku ya balaa. Alikuwa amefumba macho. Kifua kikajaa.

"Kho, kho," alikohoa.

Hakikuwa kikohozi cha mtu. Kilikuwa mchanga kwenye mota, kikavu, na nafasi baina ya cha kwanza na cha pili ilikuwa ile ile. Kisha akaanza kupanda. Mwanamume mzima mwenye ndevu, mwenye binti wa kuolewa, milango iko wazi, bula nzima iko mezani, alipanda kutoka tumboni hadi puani, mishipa ya shingo imesimama, na sauti ikafika kule juu ikakaa, ikitetemeka kidogo pale ambapo king'ora kilikuwa kikitetemeka. Kutoka nyumba za jirani watoto waliangua kicheko. Yeye hakukatiza. Akashuka, pumzi ikamwishia njiani, akamalizia kwa mkwaruzo.

Ayeyo alikuwa ameinua uso.

"Bismillah," alisema, akafungua mdomo.

Fosia alimnywesha, tone kwanza, kisha funda. Akamwekea tende iliyolainishwa kwa maziwa. Ilichukua muda kabla ya mikono ya kikongwe kuanza kupata joto. Fosia alikuwa analia na hakuona haja ya kuficha.

"Yarow," alisema Ayeyo.

"Naam, Hooyo." Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa jina tangu siku ile.

"Leo hukutangaza upepo unatoka wapi."

"Leo sina wa kumtangazia. Ni wewe tu."

Ayeyo alitafuna tende yake taratibu, kwa fizi, akiwaza. Akatoa kokwa, akampa Fosia aishike.

"Mwisho wake umeuharibu," alisema. "Kile cha kweli hakikuwa na haraka ya kushuka. Kilikuwa kinashuka kama mtu anayekunja mkeka. Rudia."

Yarow alimtazama mkewe. Fosia akafuta pua kwa ncha ya shela, akamwambia, "Umesikia. Rudia."

Akavuta pumzi, akakohoa tena, akapanda. Watoto wa ng'ambo ya ua wakaanza kucheka upya, na Mursal akasikika akiwakemea wanyamaze, anataka kusikiliza.